Mbao Zilizonyamazishwa

Mganga hajigangi, na Mama Rangi naye alikuwa hivyo hivyo. Mwanamke huyu alikuwa amepaka nusu ya kuta za mtaa wao, madarasa, zahanati, saluni na maduka, lakini sebuleni kwake rangi ilikuwa ikibanduka, na sakafu ilifunikwa zulia la kahawia alilolikuta humo siku alipoingia akiwa bibi harusi. Zulia lilikuwa limekunywa chai na dawa za kikohozi mpaka likasahau rangi yake. "Nitalishughulikia," alisema kila mwaka, na kila mwaka kazi za watu zikamshika.

Aliyemwamsha ni mama mkwe wake, ambaye aliishi naye, wawili tu. Macho ya bibi yule yalikuwa yamefifia, amebakiwa na mwanga wa dirishani basi. Asubuhi moja kidole cha mguu kilinasa kwenye tundu la zulia, akaenda chini mzima mzima. Hakuvunjika, tumshukuru Mungu. Lakini binti yake alipopata habari, alipiga simu akiwa mkali kama pilipili.

"Wifi, mimi sikulaumu," alisema, kwa sauti ya mtu anayelaumu. "Wewe unashinda kazini, Mama anashinda peke yake na haoni. Jumapili nakuja kumchukua, akae kwangu."

"Nipe nafasi, wifi. Nitalitoa zulia."

"Zulia likitoka ndiyo atajua njia ya chooni?"

Simu ilikatika, Mama Rangi akaliangalia lile tundu la zulia. Alipofiwa na mumewe, kabla hawajajaliwa mtoto, ndugu wa mume walikaa kikao sebuleni humo humo, wakaamua arudi kwao. Na kwao hakukuwa na mtu. Mama mkwe aliwaacha waseme mpaka wakachoka, kisha akawaambia, "Huyu nilimpokea mlangoni kwa mikono yangu. Anayetaka kumtoa aanze na mimi." Wakanywa chai yao, wakaenda zao. Baadaye bibi huyo huyo ndiye aliyemnunulia brashi na ndoo, akamwambia machozi hayana mshahara. Kazi yote aliyokuwa nayo ilianzia pale. Leo mtu kama huyo achukuliwe hivi hivi? Mama Rangi alipiga moyo konde, akatafuta kisu na koleo.

Zulia lilitoka vipande vipande. Chini yake kulikuwa na sponji iliyogeuka unga, na chini ya sponji, mbao! Mbao pana, ndefu, zimetapakaa matone ya rangi ya zamani na vimisumari vya zulia kandokando ya ukuta.

"Mama! Kumbe miaka yote hii tumekalia mbao?"

"Mimi nilijua," alisema mama mkwe kutoka kitandani. "Baba mkwe wako ndiye aliyezifunika. Alikuwa akirudi amechelewa, ananyata kama paka, mbao zinamsema. Akaleta zulia, eti zawadi yangu."

Mama Rangi alicheka mpaka koleo likamtoka mkononi. Kisha akapiga magoti, aking'oa vimisumari kimoja kimoja ili visije vikachana msasa. Seremala wa jirani alimwazima mashine ya kupigia msasa, naye Mama Rangi akasugua akifuata nyuzi za mbao, amejifunga kitambaa puani, vumbi limempaka nyusi. Mbao zilitoka na rangi ya chai ya maziwa. Aliziangalia akaona haya: kazi nzuri hivi alikuwa akiwafanyia watu tu.

Siku hizo za mbao tupu, mama mkwe alianza kutoka chumbani mwenyewe. Mbao zililia, kwii, kwaa, naye huyo mpaka jikoni anauliza kama maji yamechemka. Mama Rangi alifurahi, akadhani ni kwa sababu zulia halipo. Kelele zile ndizo zilizomkera. Fundi anayejiheshimu hakabidhi sakafu inayolia. Basi akachukua skrubu, akaubana kila ubao kwenye boriti, akafukia vichwa vya skrubu kwa puti, akapiga msasa tena, akapaka vanishi. Sakafu iling'aa, na mtu angeweza kuruka kamba juu yake isitoe hata mlio.

Vanishi ilipokauka alimwita. "Mama, njoo uikanyage!"

Mama mkwe alitoka. Akaweka mguu wa kwanza, akaweka wa pili, akasimama. Mkono wake ulipapasa hewani. Akakanyaga tena kwa nguvu, akasikiliza, kisha akarudi nyuma polepole mpaka akaushika mlango wa chumba chake.

"Mwanangu, mbao zimekwenda wapi?"

"Si hizo hapo, Mama? Nimezibana zisikusumbue."

"Zilikuwa hazinisumbui. Ubao wa mlangoni kwangu ulikuwa unalia. Unaolia mara mbili, choo kiko kushoto. Unaonguruma ni wa jikoni. Sasa sijui niko wapi."

Mama Rangi aliketi chini pale pale juu ya vanishi yake. Shukrani ya punda ni mateke, na yeye alikuwa amempiga teke mtu aliyemwokoa, tena kwa ufundi wote. Akalia kidogo. Halafu akakumbuka kwamba kesho ni Jumapili, akainuka kutafuta bisibisi.

Alichimba puti, akafungua skrubu, mama mkwe ameketi kitini akisimamia kazi kama msimamizi wa mjengo. "Huo bado. Kanyaga tena. Huo siutaki, huo ulikuwa mnafiki. Fungua wa pembeni yake." Walipomaliza, sakafu ilikuwa imejaa matundu. Mteja angemfukuza na ndoo zake. Lakini ilikuwa inasema.

Jumapili wifi alikuja, begi tupu mkononi, akabisha hodi. Mama Rangi alikuwa jikoni, mikono ina sabuni. Alitaka kukimbilia mlango, akajizuia, na kujizuia kule kulikuwa kugumu kuliko kazi yote ya juma lile. Akasikia ubao wa chumbani unalia. Kimya. Akasikia unaolia mara mbili. Kimya kirefu. Kisha komeo likafunguka.

"Karibu mwanangu," alisema mama mkwe, na wifi alipoingia ubao ukapiga ukelele. "Umenenepa, alhamdulillahi."

"Mama! Nani kakuleta mlangoni?"

"Nimekuja kufungua mlango wangu."

Wifi alimtazama mama yake akigeuka, anatembea, anasikiliza, anakata kona bila kugusa ukuta, na kuketi. Akaja jikoni taratibu, akasimama karibu na Mama Rangi. Akachukua kitambaa, akaanza kufuta vikombe.

"Kwangu ni marumaru tupu, wifi," alisema kwa sauti ya chini. "Angekaa kitini tangu asubuhi mpaka jioni, mimi nikidhani namtunza. Mwache hapa. Ahsante sana."

Mama Rangi alijibu kwa kummiminia chai.