Roketi ya Sikukuu Iliyozibwa Mno

Saa tatu asubuhi, baiskeli mbili zimelala miguu juu zikimngoja fundi, na fundi mwenyewe hana habari nazo. Ameinama kibandani kwake, anasugua kizibo cha mpira kwa msasa, polepole, kama anayemkata mtoto mchanga kucha.

"Mwenye baiskeli arudi adhuhuri," anasema bila kuinua macho. "Leo nina mgonjwa."

Mgonjwa ni roketi. Mwili wake ni chupa ya soda, kichwa ni nusu ya mpira uliopasuka, mabawa yamekatwa kwenye kalenda ya mwaka jana. Imevikwa karatasi za pipi, nyekundu na za dhahabu, kwa ajili ya sikukuu iliyobakiza siku tano. Tumboni hutiwa maji kidogo, kisha hujazwa upepo kwa pampu ya baiskeli.

Kitendawili: namlisha upepo, nikimfungulia ananikimbia. Haya, mmeshamjua.

Fundi huyu ana miaka hamsini na minane, na thelathini ya hiyo ameimaliza akiziba pancha. Kilichomtuma kuunda roketi si wajukuu. Ni wivu, wala hafichi.

Ng'ambo ya barabara yupo kinyozi. Sikukuu iliyopita alitundika taa za rangi mlangoni, zikaukonyeza mtaa mzima. Mke wa fundi, ambaye ni mshonaji, alisimama kuzitazama mpaka chai ya mumewe ikapoa.

"Akarudi akaniambia, 'Yule ndiye anayejua sikukuu,'" anasimulia fundi. "Neno hilo nimelala nalo mwaka mzima, linaninyang'anya shuka."

"Nilisifu taa, baba, sikusifu masharubu ya mtu!" mkewe anadakia kutoka kwenye cherehani yake pembeni ya kibanda.

"Taa zina mwenyewe."

Jumapili iliyopita alifanya jaribio kwenye uwanja wa nyuma. Majirani wakajaa. Kinyozi akaja na kiti chake kabisa. Fundi akapiga pampu mara kumi, ishirini, thelathini. Chupa ikavimba mashavu, ikatulia tuli.

"Fundi," kinyozi akauliza, "umeifunga breki?"

Watu wakaangua kicheko. Mkewe naye akacheka, na hicho ndicho kilichomchoma.

Kosa lenyewe lilikuwa la fundi baiskeli hasa. Asubuhi ile, alipokuwa akiipima, alisikia "sss" kwenye kizibo. Mkono uliozoea pancha hauvumilii sauti hiyo. Akapaka gundi, akakaza, akazungushia na kipande cha tyubu.

"Niliiziba kuliko baiskeli yoyote niliyowahi kuziba," anasema akitikisa kichwa. "Nikasahau kuwa hii nataka kizibo kichomoke, iniponyoke."

Sasa gundi ameibandua yote. Kizibo anakipaka sabuni kiteleze. Mkewe anainuka, anamwekea mapajani parachuti aliloshona kwa kitambaa cha mwavuli mbovu.

"Pindo nimelirudia mara mbili."

"Na kinyozi umemshonea nini?"

"Nimemshonea sanda ya huo wivu wako. Shika, kabla sijakunyang'anya!"

Fundi anacheka, kisha anageukia barabara na kicheko kinakatika. Kinyozi anafuta vumbi kwenye taa zake, moja moja.

Mpango wa fundi umeshapangwa. Jioni ya sikukuu, kinyozi akigusa tu swichi, roketi nayo itaachiwa.

"Anapowasha, nataka watu wawe wanatazama juu."

Watu wote? anaulizwa.

Fundi anamtupia jicho mshonaji, aliyekwisha kurudi kwenye cherehani yake.

"Mmoja akitazama, yatosha."