Waridi Lisilogawiwa

Wifi yangu tulimwita Mama Makopo, na jina lilimkaa. Ukifika kwake unakutana na makopo kabla hujamwona yeye: ya rangi, ya mafuta ya kupikia, ya maziwa ya unga, hadi birika bovu lililotoboka kitako. Yote yamejaa udongo na yote yana kitu kinachoota. Alikuwa na chumba kimoja, dirisha moja, na nje ya dirisha ukingo mwembamba wa saruji. Hapo ndipo palipokuwa na bustani yake. Kazi yake ilikuwa kufua mashuka ya hospitali, na sabuni ilikuwa imemla vidole, lakini vidole hivyohivyo vikichomeka kijiti, kijiti kinashika. Nikichomeka mimi, kinakufa. Alikuwa akinicheka mbele za watu: "Wifi, kwako hata magugu yanaomba uhamisho!"

Kila Jumamosi alasiri watu wa makopo kama yeye walikutana nyuma ya kibanda cha fundi viatu, nami nilimfuata kwa ajili ya soga. Hapauzwi kitu pale. Unakuja na vijiti vyako vimefungwa kwa kitambaa kibichi, unaondoka na vya mwenzio. Ukileta mnanaa unapewa shubiri. Ukija mikono mitupu unapewa pia, ila utataniwa mpaka ukome. Fundi viatu alikuwa na msemo wake: mmea ulioutoa ndio ulioutunza, maana wako ukifa unajua wa kumwendea. Mama Makopo aliurudia msemo huo kuliko wote, na aligawa kuliko wote. Isipokuwa waridi moja.

Hilo lilipandwa na binti yake wa pekee alipokuwa bado shuleni, kwenye kopo la rangi la buluu. Lilikuwa jekundu lenye kingo za njano, na hatukuwahi kuliona kwa mtu mwingine. Kaka yangu, mumewe, alitangulia mtoto akiwa mdogo, wakabaki wawili. Kisha binti naye akaugua, akalazwa hospitali ileile mama yake alikokuwa akifua, akafariki. Akabaki mama na waridi.

Tangu hapo halikukatwa. Fundi viatu alimwomba kwa utani: "Mama Makopo, kwa hili umekuwa mkono wa birika." Akacheka, akampa kitu kingine. Mimi nilimwomba bila utani. Nilikuwa shangazi wa yule mtoto; nilimbeba mgongoni, nilimsuka nywele, na sikuwa na kitu chake hata kimoja cha kushika.

"Nipe kijiti kimoja tu, wifi."

"Hukifikishi wiki," aliniambia. "Nami sitaki afe mara ya pili."

Maneno hayo yaliniuma, sifichi. Niliondoka bila kuaga vizuri, nikakaa muda bila kumkanyagia mlango.

Kisha mwenye nyumba akaleta mafundi wapake kuta chokaa. Mama Makopo alikuwa kazini. Makopo waliyasogeza kwa uangalifu, siwezi kuwasingizia, lakini mmoja wao alipomaliza alitafuta mahali pa kumwaga maji ya chokaa yaliyobaki ndooni, akaona kopo kubwa la buluu lenye udongo. Hakujua. Wifi yangu aliporudi jioni alikuta ukuta mweupe na udongo mweupe. Aliuzoa ule udongo wote, akaweka mwingine, akamwagilia na kumwagilia, lakini maji yakimwagika hayazoleki. Majani yalikunjamana kuanzia ncha, shina likafuata.

Alikata vijiti vichache vilivyokuwa bado vibichi. Nilipopata habari niliiweka hasira yangu kando, nikaenda na fundi viatu.

"Vigawe," fundi alimwambia. "Kimoja nipe mimi, kimoja mpe wifi yako, vingine wape wale wengine. Udongo wa huyu si wa yule. Hakikosi kimoja kushika."

Ndilo neno ambalo yeye mwenyewe angemwambia mtu yeyote. Akavifunika vijiti kwa kiganja.

"Nikivitoa, mimi nibaki na nini?"

Akavichomeka vyote kwenye lile kopo la buluu, akavifunika kwa chupa ya plastiki iliyokatwa kitako.

Vikachipua. Alinipigia simu asubuhi moja, anacheka huku analia: "Wifi, amerudi!" Nilikimbia nikaona kweli, vijani vidogo vyenye wekundu, vinang'aa. Nilifurahi, kisha nikaogopa. Yeye ndiye aliyetufundisha kwamba kijiti cha waridi huweza kutoa majani kwa utomvu wake chenyewe, kabla hakijapata hata mzizi mmoja. Majani si mizizi, alikuwa akituambia. Usivute kutazama, ukivuta umeua. Lakini mganga hajigangi. Nilipoinama niliona udongo umelegea kuzunguka kila kijiti, nikajua. Kila asubuhi kabla ya kazi alikuwa akiviinua kidogo, akitafuta mzizi, kisha akivirudisha na kuvishindilia kwa kidole.

"Viache, wifi," nilimwambia.

"Nataka tu kujua kama yupo."

Vilikauka vyote. Nilimkuta ameketi kitandani, kopo mapajani, vijiti vyeusi mkononi. Akanieleza jambo ambalo hakuwahi kunieleza. Siku ile ya mwisho wodini, binti aliamka na uso mkunjufu. Aliomba maji ya kunawa, akaomba kioo, akajicheka nywele.

"Nikakimbia kule tunakofulia kuwaambia wenzangu amepona. Wakanipigia vigelegele. Niliporudi..." Akaviweka vile vijiti chini. "Yalikuwa majani tu, wifi."

Nilimkumbatia, tukalia wote wawili, mama na shangazi. Sikuwa na kingine cha kumpa.

Jumamosi iliyofuata alikuja kibandani. Hakuna aliyemtania. Fundi viatu alimkatia kijiti cha waridi lake, lile la pinki ambalo nusu ya mtaa inalo, akampa. Mama Makopo akakitazama. Kisha akaazima mkasi wa kukatia ngozi, akakikata katikati, nusu akanipa mimi.

"Wifi, kwangu mimi hata magugu..." nilianza.

"Najua," alisema. "Chukua hivyo hivyo. Changu kikifa nijue pa kuja."

Si lile la mwanetu, wala halitakuwa. Nimekichomeka kwenye kikombe kilichovunjika mkono, dirishani kwangu. Kimeshatoa majani mawili. Sijakivuta.