Marashi ya Shangazi Juu ya Waya Zangu

Jamani, naona haya kuliandika hili, mimi mwenye stashahada ya elektroniki, niliyejisomesha mwenyewe Dar es Salaam kwa kuuza maji ya chupa, lakini nisiposema mimi, kijiji chetu kizima cha Kigombe kitasema, tena kwa chumvi.

Niliporudi nyumbani nilikuta shangazi yangu, Bi Mwanahamisi, anaandaa maulidi ya nyumba yake mpya, nami nikamuundia taa za kucheza kwa mdundo wa dufu, zikitumia betri ya pikipiki na kuongozwa na kompyuta ya mdogo wangu Mwanaidi. Sakiti ya taa hizo, yaani ule mzunguko wa waya, ilitakiwa ikae ndani ya kasha, na kati yake na kompyuta kuwe na fyuzi, pamoja na kile kidude kinachopitisha ishara kwa mwanga ili umeme wa betri usivuke (vyote nilikuwa navyo mfukoni!), ila nikajiambia, nikifunikafunika hivi, nani ataiona kazi yangu? Nikaiunga moja kwa moja, nikaiacha wazi mezani.

"Kaka, ripoti yangu ya chuo imo humo tu, na Jumatatu naipeleka," Mwanaidi akaniambia.

"We mtoto, unaongea na fundi!"

Taa zikacheza, wazee wakatikisa vichwa, kifua kikanipanuka. Tukasimama kwa kiyamu, kumsalia Mtume, shangazi akapita na mrashi akiwanyunyizia watu marashi, alipofika mezani kwangu akasema, "Na mtambo wa mwanangu nao upate baraka," akaunyunyizia. Tss! Umeme wa betri ukavukia kwenye kompyuta, moshi ukatoka, nikaruka nyuma nikakalia sinia la halua, na kina mama, wakidhani ndiyo mambo yenyewe, wakapiga vigelegele. "Tena! Tena!" Shangazi, kwa ukarimu wake, akanyunyiza tena.

Mwanaidi peke yake hakupiga kigelegele. "Fundi," akaniita taratibu, "ripoti yangu iko wapi?"

Asubuhi nikaitoa diski ya ile maiti, nikaiunga kwenye kompyuta yangu (ndiyo, nilikuwa nayo, niliogopa kuiharibu), yeye kanisimamia kama msimamizi wa mtihani. Ripoti ikafunguka, yote, mpaka jalada! Akacheka hadi akakaa chini, kisha akaifunga kompyuta yangu, akaitia kwapani.

"Hii sasa yangu, kaka."

Ningebisha kwa uso gani?

Naapa, siku nyingine nitaanza na fyuzi na kasha, nipime kwanza kama umeme unavuka, ndipo nijisifu. Kuacha kujisifu siwezi, hilo nisiwadanganye.