Vijisamaki vya Kisima Chetu

Samaki wote wa kisimani walikufa siku moja, na mtu wa kwanza kuwaona ndiye tuliyemshuku.

Mie nilimshuku kuliko wote.

Nimechoka, magoti yananiuma, lakini haya nisipoyatoa hayatanitoka. Naandika kwenye daftari, mjukuu wangu Yumna anachapa kwenye simu.

Kwetu ni njia ya Gando. Kisima chetu kipo ukingoni mwa bonde la mpunga, kifupi, ukiinama unaona mpaka chini. Tunakitumia nyumba mbili tu, yangu na ya jirani yangu Bi Mwanawema. Mwaka wa thelathini na nane huu.

Mle ndani tunafuga samaki wadogo, urefu wa kidole cha mtoto. Wa kwanza tuliwavua mtoni mimi na yeye, kwa kanga, enzi hizo tukiwa maharusi wapya. Wanakula viluwiluwi vya mbu.

Na wana kazi nyingine. Asubuhi, kabla hujatia ndoo, unatupa punje za wali. Wakipanda kugombania, unasema bismillahi, unateka. Wasipopanda, huteki.

Basi siku hiyo nafika, namkuta Mwanawema kakaa kwenye mdomo wa kisima. Kaufunika kwa kuti.

"Usiteke, Bi Asya."

"Kuna nini?"

"Samaki wamekufa."

Nikainua kuti. Wallahi, roho ilinipasuka. Matumbo meupe juu, wote, kama maua ya mlangilangi yaliyoanguka.

"Na wewe umejuaje, jua lenyewe halijatoka?"

Akalirudisha kuti mahali pake.

Wiki ile tulikuwa hatusemezani. Kuku wangu walimwingilia kwenye kitalu chake cha mpunga wakamlia miche. Yeye aliniambia maneno, na mie nikamjibu yangu, tena kwa sauti.

Kwa hiyo mkwe wangu Time hakuwa na kazi kubwa ya kunishawishi.

"Mama, huoni? Kuku walikula miche yake, na yeye kalipa kwa samaki. Leo samaki, kesho Yumna!"

Nikamwambia, "Acha maneno." Lakini moyoni nilisema, huyu kasema kweli.

Siku mbili tu, kijiji kizima kikajua. Time akasema tumwite sheha, mkubwa wa kijiji, Mwanawema akatazwe kisima. Na mie sikumzuia.

Siku hizo maji tukawa tunafuata mferejini, bomba la kule skuli, mlima mtupu. Tunapishana njiani, yeye na ndoo yake, mie na yangu. Vikongwe wawili, kila mmoja katazama upande wake. Kupumzika tunapumzika penye jiwe lile lile, kwa zamu, ili tusikae pamoja.

Nilichoka mie. Si ndoo tu.

Siku ya tatu sheha akaja, kamchukua na bwana shamba, Silima. Silima akateka maji kidogo, akayanusa, akarudi nyuma.

"Bibi zangu, hapa nani katumia vidonge vya kufukizia nafaka?"

"Vidonge gani?" Time akauliza.

"Vya kuua wadudu, fukusi. Vikishafanya kazi vinabaki unga wa kijivu. Mtu anadhani umekwisha nguvu, kumbe sumu imo. Ukiingia majini unatoa hewa inayoua. Samaki wadogo kama hawa hawana ubavu nayo. Na mtoto akinywa, msiniulize. Harufu yake kama ya kitunguu thomu."

Time akamnyooshea Mwanawema kidole. "Si nilisema? Mwulizeni huyo!"

Watu wote wakamgeukia. Mwanawema akatazama chini, hakusema hata "mie sijui".

Na mie pale pale nikalikumbuka pipa langu.

Mwaka jana fukusi walinimalizia mbegu yote. Mwaka huu nikanunua vidonge Konde, kwenye kikaratasi kisicho na maandishi, nikavitia kwenye pipa la mbegu, nikafunga. Kisha alasiri, siku moja kabla samaki hawajafa, nikalifungua, nikaanika mbegu. Chini ya pipa nikakuta unga wa kijivu.

Mie nikaona jivu.

Tangu mdogo nasugulia jivu, sufuria, kata, mabirika. Jivu zuri, laini vile, nilitupe? Nikachanganya na mchanga, nikalisugua pipa pale pale kwenye sakafu ya kisima. Maji ya jioni tulikuwa tushateka. Hiyo sakafu ina ufa unaoshuka kisimani. Nilikuwa naujua ule ufa.

Nikavuta upindo wa kanga yangu, ile ile niliyovaa nikisugua, nikaunusa.

Thomu.

Ningeweza kunyamaza. Sheha alishafungua daftari lake.

"Ni mimi," nikasema. "Andika jina langu. Asya."

Time akakishusha kidole chake.

Watu walipotawanyika nikamfuata Mwanawema, tukakaa kwenye jiwe. Pamoja.

"Nisamehe, mwenzangu."

"Nilikuona," akasema.

"Uliniona?"

"Alasiri ile, ukisugua. Mie niko kitaluni, harufu ikanifikia, sikuielewa. Nikalala nayo moyoni. Alfajiri nikaja kutupa wali, hakupanda hata mmoja."

"Na miaka yote hii, ukashindwa kuniambia?"

"Na wiki ile ningekuambia, ungeniamini?"

Nikaukunja upindo wa kanga yangu.

"Yumna huja kuteka kabla ya skuli," akasema. "Nikaona nikae tu pale juu mpaka atokee mtu mzima. Ukatokea wewe, mshari mkubwa."

Nikacheka huku nalia. Kaniokolea mjukuu wangu, mie namtafutia sheha.

Kisima tumekikausha mara tatu, ufa umezibwa kwa saruji. Silima akasema tusiteke mpaka atuambie, na samaki wapya wakae mle kwanza, tuone kama watapona. Tukaenda mtoni na kanga, tukapata saba. Kuinama tuliinama, kuinuka ndiyo ilikuwa shughuli.

Wenzangu, unga ule wa kijivu si jivu. Msiusugulie chombo wala kuuosha karibu na maji. Mwulizeni bwana shamba pa kuufukia.

Na siku mkimtafuta aliyetia sumu, kabla hamjaita sheha, kila mtu anuse kanga yake.