Magimbi ya Miwani ya Salma

Harufu ya magimbi yanayochemka ni nzito, ya udongo uliolowa, na mpaka leo ikinifikia puani naona aibu na fahari kwa pamoja. Nilikuwa darasa la tano Masanze. Baba, mwalimu, alikuwa ametuhamishia huko kutoka milimani Vidunda, sisi Waanglikana katikati ya majirani Waislamu, na bibi yangu hakuchoka kututumia magunia ya magimbi, utadhani bondeni hakuna chakula. Dawati moja nilikaa na Salma, aliyenakili kila kitu kutoka daftari langu, hata makosa, kwa sababu ubaoni hakuona kitu. Wenzetu walimwita mzito. Mzito! Mtoto aliyesomewa hesabu mara moja tu akajibu kabla mimi sijapata kalamu! Baba yake akachoka. "Kama shule haimwingii, akaamie ndege shambani," alisema, na mpunga ulikuwa umeshaanza kutoa masuke.

Ndipo likaja tangazo kwamba madaktari wa macho watafika Mikumi Jumatatu, siku hiyo moja tu. Kupima bure, miwani ya kununua. Nikamwomba mama gunia lililofika wiki ile. "Chukua," alisema, "lakini ukiliharibu usije kulia kwangu." Haba na haba hujaza kibaba, nikajiona tayari tajiri.

Jumamosi niliamka alfajiri, nikachemsha nusu gunia, nikajitwika beseni na kupita nyumba hadi nyumba nikinadi, "Magimbi ya moto!" Hakununua mtu. Wakubwa walinitazama kwa huruma, watoto wakameza mate na kugeuka. Jua lilikuwa limepanda nilipofika kwa Bi Mwajuma, bibi yake Salma, aliyekuwa akipeta mchele uani.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Mwanangu, unamuuzia nani? Mwezi umeandama jana. Watu wamefunga!"

Lo! Nyumbani kwetu tulikuwa tumelala mapema, hakuna aliyekumbuka kutazama angani. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nililia palepale, nikamweleza yote, miwani, Mikumi, ndege. Bi Mwajuma alicheka mpaka akashika mbavu.

"Mabichi yamebaki?"

"Nusu gunia."

"Sasa unalia nini? Leo nani hataki magimbi ya kufuturia? Yalete. Na hayo uliyochemsha niachie, nitayaunga kwa nazi. Mgeni njoo, mwenyeji apone!"

Alasiri uani kwake palijaa wanawake. Kila aliyefika aliambiwa, "Ni ya macho ya Salma," na wengi wakakataa chenji. Yale ya nazi yalinunuliwa kwa sahani na vijana wa mashine ya kukoboa, wasio na wa kuwapikia. Sahani ya mwisho aliichukua baba yake Salma. Alilipa, akaondoka.

Jumatatu ndiye aliyetupeleka Mikumi. Salma alipovalishwa miwani alitoka nje, akatazama upande wa milima ya Vidunda. "Kumbe kwenu kuna miti!" alipiga kelele. Miaka yote alidhani ni moshi. Nikaruka, nikapiga vigelegele kama niko harusini, sikujali nani ananitazama. Baba yake alijifuta uso kwa kofia yake. "Ndege nitaamia mwenyewe," alisema.

Siku hizi kuchangia ni kubonyeza simu. Jina linatumwa kundini, tunatuma chochote, tunaendelea na mambo yetu. Sidharau, maana fedha zinafika na watu wanapona. Ila sijawahi tena kuchanga kitu nikakiona kinafungua macho mbele yangu, na ushindi ule bado naudai kuwa wangu. Salma sasa anafundisha hisabati Kilosa mjini, na husifika kwa kuandika ubaoni tarakimu kubwa kubwa. Kila mwaka, jioni ya kuandama mwezi, simu yangu huita kabla hata redio haijatangaza. Hanisalimu.

"Mwezi umeandama," anasema. "Usichemshe!"