Ndege ya Njano Iliyotua Kwenye Kiwanja Chetu cha Mpira

Jumamosi iliyopita shemeji yangu alinipeleka uwanja wa ndege wa Mwanza, si kusafiri, bali kutazama watu wazima wakicheza. Wana chama chao, rafiki yangu, chama cha wapenzi wa ndege za zamani. Hukutana kwenye banda moja pembeni kabisa, wakazipaka rangi ndege ambazo wenye akili walishazitupa, wakazirusha kidogo juu ya ziwa, kisha wakachoma nyama na kuitana kapteni. Mwenyekiti wao alikuwa amevaa koti la ngozi. Koti la ngozi, kwa jua lile la Mwanza! Jasho lilimtiririka mpaka kidevuni na hakutaka kulivua, eti ndivyo walivyovaa marubani wa zamani. Kati ya hao makapteni wote anayejua kurusha ni mmoja tu. Wengine kazi yao ni kuegemea bawa na kupigwa picha.

Nilikuwa nimejiandaa kuchoka kwa adabu, mpaka walipofungua mlango wa banda wakasukuma nje kindege cha njano cha kiti kimoja, bawa lake likiwa chini, usawa wa kiuno cha mtu. Chini ya bawa lilipita bomba jembamba lenye matundu. Nililitambua bomba lile kabla sijaitambua ndege yenyewe.

“Hii ndiyo iliyowaokoa wakulima wetu na njaa,” mwenyekiti akatangaza. “Enzi zile za dhahabu!” Wakapiga makofi. Mimi nikajikuta niko Magu, nina miaka tisa, miguu imejaa tope.

Bibi yangu alilima mpunga bondeni, karibu na mahali mto unapoingia ziwani. Mpunga ukianza kutoa maziwa, sisi watoto tulihamia majarubani. Tulipanda juu ya ulingo wa miti alfajiri, tukavuta kamba zilizofungwa makopo, tukapiga kelele mpaka sauti zikakauka, maana kweleakwelea wakishuka kwenye jaruba lako hawakuachii hata wali wa mgonjwa. Bibi alituletea michembe, viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, iliyochemshwa na karanga, bado ya moto ndani ya ungo. Kutoka ulingo mmoja hadi mwingine tulitaniana, tukaimbiana, tukatukanana kidogo bibi asiposikia. Na chini yetu, majini, walipita bata wake. Bibi aliwapenda bata wale kuliko alivyotupenda sisi, na hakuona haja ya kuficha. Aliwaita kwa kugonga sufuria, nao walikuja kwa mstari, wakilalamika njia nzima.

Mwaka ule ndege walizidi. Usiku walilala kwenye matete, wengi mpaka matete yanainama. Ndipo bwana shamba akaja na habari kwamba serikali inaleta ndege ya kunyunyizia dawa. Ungemwona mwalimu wetu mkuu! Masomo yalikufa siku hiyo hiyo. Tuling'oa magoli ya kiwanja cha mpira, tukafyeka nyasi, tukasawazisha vichuguu kwa mikono, kisha tukafundishwa wimbo wa kumkaribisha rubani, wenye beti zinazomfananisha na jua. Yeye mwalimu alishona suti. Kijiji kikachanga jogoo.

Rubani akatua, akashuka, akatazama saa yake wakati tukiimba, akaingia kwenye hema lake. Jogoo hakumgusa. Alikunywa chai kutoka kwenye chupa yake mwenyewe, kana kwamba maji yetu yangemuua. Bwana shamba alisimama na kipaza sauti akatoa tahadhari kwa Kiswahili cha ofisini: wananchi wajiepushe na matumizi ya mizoga, na mifugo idhibitiwe. Nusu ya wazee pale walijua Kisukuma tu. Walipiga makofi kwa sababu mwalimu alipiga makofi.

Jioni ndege ikapita juu ya matete, chini sana, ikaacha ukungu. Harufu yake ilikuwa kama ya vitunguu saumu vilivyooza. Asubuhi majaruba yalikuwa yamefunikwa na ndege wafu. Jirani yetu, mama aliyekuwa ametoka kujifungua, aliona ni kitoweo cha bure, akajaza beseni. Adhuhuri tayari alikuwa akitapika povu, amelala kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli ya mumewe, anapelekwa hospitali ya Magu, na kichanga kinalia mgongoni kwa bibi yangu. Jirani alipona, lakini maziwa yake hayakurudi.

Tuliporudi kuwafungia bata, bibi aligonga sufuria. Akagonga tena. Tukawakuta kwenye ukingo wa matete, shingo zimelazwa juu ya maji.

Bibi hakulia. Aliwaokota wote ndani ya ungo, akajitwika, akaenda moja kwa moja kiwanjani, mimi nyuma yake. Rubani alikuwa anafuta kioo, tayari kuondoka. Bibi akampa shikamoo, yeye mwenye mvi akimsalimia kijana wa watu. Kisha akawapanga bata juu ya bawa, mmoja baada ya mwingine, akiwanyoosha shingo.

“Mama, toa huu uchafu kwenye ndege yangu,” rubani akasema.

“Hii si uchafu,” bibi akajibu kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. “Hii ni bata yangu. Wewe ulikuta inatembea.”

Rubani akacheka, akamtazama mwalimu mkuu. Na mwalimu wetu, katika suti yake mpya, akawasukuma bata chini kwa fagio la darasani huku akimwomba rubani radhi. “Hawa hawajasoma, mheshimiwa,” akasema. Nimeshakutana na watu wengi wa hovyo maishani, lakini mwalimu yule bado hajapata mshindani.

Nisiwe mwongo: mwaka ule tulivuna vizuri. Mwaka uliofuata kweleakwelea walirudi wengi vilevile, na rubani hakurudi. Bibi alilima msimu mmoja zaidi, kimya kimya, kisha akavuka kwa kivuko kwenda kukaa kwa shangazi Sengerema. Tulipomletea vifaranga vya bata alivikataa. “Sifugi tena vitu vya watu kuja kuua,” alisema, na huko ndiko tulikomzika.

Yote haya niliwaeleza makapteni. Shemeji alikuwa amenisukuma mbele niseme neno, kama mtu wa Magu. Walisikiliza mpaka kwenye bata juu ya bawa, hapo wakaangua kicheko. Mmoja aliomba nirudie ile sehemu ya bata ili arekodi. Nikamwambia sirudii. Mwenyekiti akapiga makofi, akaagiza nyama igeuzwe.

“Shemeji, umetuharibia shughuli,” shemeji akaninong'oneza.

“Shughuli gani? Kukisugua chuma ambacho nusura kiue watu?”

Yule mmoja anayejua kurusha akapanda kindege cha njano, akapaa kuelekea mashariki, na wenzake wakabaki wakimpungia kofia kama watoto.

Siku hizi bonde lile ni la mtu mmoja, amelizungushia waya. Ulingo hakuna hata mmoja. Watoto tuliopigiana kelele kule tumetawanyika, wengine Buhongwa kama mimi, wengine makaburini, na nyimbo zetu za kufukuza ndege sizisikii kwa mtoto yeyote. Kwenye matete hata vyura wamepungua.

Rubani huyo wa chama alipotua alivua miwani, uso umemng'aa kwa furaha, akawaambia wenzake kwamba amefika mpaka bondeni Magu. “Pazuri sana kule,” akasema. “Pametulia!”