Ngoma Zilizonyamaza Bahi

Mama mkwe wangu habembelezwi kuzungumza. Ukimwamkia tu, umemfungulia bomba. Safari hii yeye ndiye aliyeniita nitoke Miyuji niende kwake Bahi nikamrekodi kwa simu. Wajukuu zake walikuwa wameanza kusema kwamba zahanati ya kijiji ililetwa na diwani, na jambo hilo lilimkera kuliko ukame.

"Nife watoto wakiamini hivyo?" aliniuliza. "Tuliidai sisi wanawake."

Kwa Wagogo, ngoma ya muheme ni ya wanawake. Mwanamke huibana katikati ya mapaja na kuipiga mpaka mgeni ajue kwamba amepokelewa. Mwaka walipoidai zahanati, kijiji kilikuwa kinamngoja mkubwa mmoja kutoka mjini. Wanaume walichinja, akina mama wakaja na ngoma zao, wakakaa mbele ya meza kuu. Mgeni akashuka kwenye gari. Hakuna aliyepiga.

"Mwenyekiti alitukonyeza mpaka machozi yakamtoka," mama alisema, akacheka sana. Mgeni alipouliza kulikoni, walimjibu kwamba wanajifungulia njiani, kwa hiyo hawana furaha ya kumpigia mtu.

Nilimwomba anioneshe walivyokaa. Akaingia ndani, akatoka na ngoma yake, akaibana, akaweka viganja juu ya ngozi na kutulia. Mimi ni mtu wa haraka. Najua kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini kwenye simu mshindo huo hausikiki.

"Inatosha, mama," nikasema. "Kipande hiki nitakikata. Wajukuu watadhani simu iliharibika."

"Usikikate."

"Lakini hakuna kinachosikika."

Hakukasirika. Viganja vyake vilibaki palepale. Akaniambia kwamba kabla ya kumzaa mume wangu alizaa mtoto wa kike, njiani kuelekea hospitali, juu ya mkokoteni wa ng'ombe.

"Wenzangu siku ile walinyamaza kwa ajili ya zahanati," alisema. "Mimi nilikuwa namsikiliza yule. Hakulia hata mara moja."

Nilijikaza nikashindwa, nikalia mimi. Miaka yote niliyoolewa katika nyumba ile, hakuna aliyewahi kuniambia kwamba nilikuwa na wifi.